Naomba visa vya kweli vya kufundishia mfuatano wa namba, kidato cha tatu

BintiKisauni
Asalaam aleikum walimu wenzangu. Nafundisha hisabati huku Kisauni, Mombasa. Wanafunzi wangu ukiwapa 3, 7, 11, 15 na kuwauliza namba ya 20, 79 inatoka mara moja. Ukiwapa swali la maneno wanabahatisha: huyu anajumlisha, yule anazidisha. Siwalaumu. Visa vingi vya mazoezi ni vya mtu kuchuma maembe 2 leo, 6 kesho, 18 keshokutwa. Hakuna mwembe unaozaa hivyo, na watoto wanajua.

Nataka visa ambavyo jambo lenyewe linamwonyesha mtoto kwa nini ni aritimetiki (kujumlisha kiasi kilekile kila hatua) au kwa nini ni jiometri (kuzidisha kwa namba ileile kila hatua). Ombi moja: msinipe riba ya benki. Wengi darasani riba kwao ni haramu, na sipendi mtoto akereke na mfano kabla hajaifikia hesabu.

VitiNaTenti
Dada, mimi nakodisha viti vya arusi. Chukua vile vya plastiki. Kiti kimoja tuseme kina sentimita 80 kwenda juu. Ukipachika cha pili juu yake hupati 160, wapata 88. Cha tatu 96. Kinachoongezeka ni ile sehemu inayochomoza tu, nayo haibadiliki. Wapime wenyewe kwa futi. Halafu waulize: mlango wa stoo una sentimita 190, rundo lipite likiwa na viti vingapi? Hesabu itawapa 14.75. Atakayeandika 15, rundo lake lina sentimita 192 na limekwama mlangoni.

MvuviWaNyali
Na maji je? Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa 10 alfajiri, kesho saa 10 na dakika 50.

MwalimuMstaafu
Mvuvi, ni mfano mzuri wa kukadiria, lakini wewe wajua kuliko mimi kwamba karibu na bamvua, maji yanapojaa sana, kuchelewa kunapungua, na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, kunazidi. Asiutumie kwa swali la mtihani.

Mwanangu BintiKisauni, kwa jiometri bila riba tumia kodi ya duka. Tuseme duka liko Kongowea, kodi 10,000 kwa mwezi. Mkataba wa kwanza: kila mwaka inapanda shilingi 1,000. Wa pili: kila mwaka inapanda asilimia 10 ya kodi ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza na wa pili mikataba inalingana kabisa, 10,000 kisha 11,000. Mwaka wa tatu ndipo inapoachana, 12,000 na 12,100. Watasema mia ni kitu gani. Waache wafike mwaka wa 10: huku 19,000, kule 23,579. Hapo wameona mambo mawili makubwa. Namba mbili za mwanzo haziwezi kukuambia ni mfuatano gani. Na kinachoamua ni swali moja: nyongeza ya mwaka huu inatokana na kodi ipi?

KijanaWaBuxton
Mimi napendekeza uvumi wa WhatsApp. Mtu mmoja anautuma kwa 3, kila mmoja wao kwa wengine 3 wapya: 1, 3, 9, 27. Namba ya 14 peke yake ni 1,594,323. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima ya Mombasa. Waulize kwa nini uvumi haufiki huko. Watakwambia watu wanarudiana walewale, na hapo wamejua mfuatano unapoacha kufuata hali halisi.

BintiKisauni
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Viti naanza navyo Jumatatu. Mwalimu, hofu yangu kwa ule mkataba: wakiona neno asilimia tu, wanakimbilia jiometri bila kusoma.

MwalimuMstaafu
Basi waandikie mkataba wa tatu. Kodi inapanda kila mwaka kwa asilimia 10 ya kodi ya mwaka wa kwanza. Asilimia ipo, lakini ni 1,000 ileile kila mwaka, kwa hivyo ni aritimetiki. Uweke katikati ya ile miwili, usiwaambie kitu, na umtake kila mmoja aandike kodi za miaka minne kwa mkono kabla ya kugusa kanuni yoyote.