Prius ya 2010 inakula oili bila moshi: ninunue injini?

Mama Dagaa:
Mwangaluka wakuu. Prius yangu ina injini ya 1.8, imesoma kilometa 243,000. Napeleka dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Magu na Lamadi, mara mojamoja Musoma. Juzi nakata kona, taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Nikapaki, nikavuta kijiti cha kupimia oili: kikavu kuliko mzigo niliobeba! Na nilibadilisha oili wiki sita tu zilizopita. Usiku nikatandika boksi chini, asubuhi halina hata tone. Moshi sioni. Fundi wangu anasema tutafute injini ya mtumba, lakini hiyo hela ni ada ya mtoto.

Spana 14, Nyakato:
Dada, shika hela yako kwanza. Hizo injini zenu, 2ZR-FXE, za miaka ile zinajulikana: masizi yanaganda kwenye ringi za oili na kuziba vitundu vya pistoni vinavyoirudisha chini. Oili inabaki kwenye ukuta wa silinda, inaungua kidogo kidogo. Moshi usiusubiri, masega (kisafisha moshi kwenye ekzosi) yanaumeza mwingi, na kwenye foleni, ambapo ungeuona, injini ya haibridi (gari la petroli na umeme) imeshajizima.

Taa hiyo inasoma presha, haisomi kiasi. Ikiwaka kwenye kona ujue oili imekimbilia upande mmoja na pampu imevuta hewa. Umebahatika.

Sasa pima. Paki tambarare (kwa Mwanza hii ya mawe utaitafuta), zima gari kabisa, subiri dakika kumi, jaza hadi alama ya juu, andika kilometa. Nimesema kabisa: taa ya READY kwenye dashibodi ikiwa inawaka, hata injini ikiwa kimya, inaweza kujiwasha mkono wako uko ndani.

Babu Igoma:
Mwanangu, wasikudanganye na oili nzito ya 20W-50. Mimi niliwekewa "izibe". Ulaji ulipungua wiki mbili tu, kisha ikala kama zamani, na petroli nayo ikapanda. Nimerudi kwenye nyepesi, 5W-30.

Spana 14, Nyakato:
Shikamoo mzee, umesema kweli. Kiwandani ni 0W-20, 5W-30 haina shida. Dada, chungulia na maji ya kupoozea. Yakipungua, na asubuhi injini inawaka kwa kutetemeka, hapo tunazungumzia gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie silinda.

Mama Dagaa:
Nimerudi. Maji yako palepale. Kwa kilometa 1,000 nimeongeza karibu mililita 700.

Spana 14, Nyakato:
Inakula, ila hiyo unaishi nayo. Injini nzima inabeba lita 4.2, kwa hiyo ukisubiri sevisi ya kilometa 5,000 bila kuongeza, utaikuta imekauka tena. Ikivuka lita moja kwa 1,000, tufungue tubadili pistoni na ringi. Hata hapo si lazima injini nzima.

Mama Dagaa:
Asante kaka, shikamoo ya babu nayo nimeiitikia kwa niaba yake. Chupa ya oili sasa inakaa nyuma ya siti, na kijiti navuta kila Jumamosi kabla ya kupakia. Fundi wangu kanuna, hapokei simu.