Fumbo la hadithi lifichwe kiasi gani?

Mwandishi wa Jinja: Ndugu zangu, ninaandika hadithi fupi kuhusu chifu anayeuza kisima cha kijiji, nami nakusudia msomaji auone ndani yake utawala wa Idi Amin bila jina kutajwa. Nikificha mno, kinaonekana kisima tu. Nikieleza, hadithi inageuka hotuba. Nifanyeje?

Msomaji, Mbale: Kisima kiwe kisima kwanza. Hata kijana asiyejua yaliyotokea kati ya 1971 na 1979 aelewe nani ana kiu, nani amepokea fedha na nani amenyamaza. Shaaban Robert katika Kusadikika alibuni nchi ya angani, lakini kesi ya Karama, mhusika anayeshtakiwa humo, inafuatika bila shida. Kilichofichwa ni anayelengwa, si kinachotendeka.

Mwalimu, Gulu: Nakubali, ila usimvishe chifu medali, kwa sababu Amin alijulikana kwa kuvaa medali nyingi, na hapa Uganda zitalifumbua fumbo lote katika ukurasa wa kwanza. Kisha mpe mtu asome, umwombe asimulie kilichotokea, wala usimuulize maana yake.

Mwandishi wa Jinja: Medali ninaziondoa. Je, askari anayelinda kisima abaki?

Mwalimu, Gulu: Abaki, kwa kuwa kisima kilichouzwa lazima kilindwe.