CT skani imetoka safi ila dogo hayuko sawa, tumpeleke Dar akapige MRI?

Mwana wa Uyole: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Mbeya, aliteleza na mvua pale Mafiati akapiga kichwa, helmeti alivaa lakini alizima kidogo. CT safi, hakuna damu wala ufa. Sasa wiki zinaenda, mwanga unamuumiza, kelele hataki, juzi abiria kamwambia Soko Matola yeye kampeleka Kabwe. Bosi wake anasema picha safi basi anadeka, anataka hesabu yake. Kuna mtu katuambia kuna MRI ya kisasa inaona mpaka nyuzi za ubongo, tuuze mahindi?

Mtu wa Picha: Pole sana mkuu. Dogo hadeki. CT kazi yake kubwa ni kuwahi damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko wa ubongo, ambao ndo unaelekea kumsumbua dogo, kwa kawaida hauonekani humo, na hata MRI ya kawaida mara nyingi inatoka safi. Hiyo mnayoambiwa itakuwa DTI, ni aina ya MRI inayoangalia maji yanavyotembea kwenye nyuzi za ubongo, uzi mzima maji yanafuata njia yake, ukiumia yanatawanyika. Ni kitu kizuri mno ila nguvu yake mpaka sa hivi ni kwenye utafiti, wanalinganisha kundi la walioumia na kundi la wazima. Kwa mtu mmoja ni ngumu, umri unabadilisha namba, mashine nayo inabadilisha, na picha ya kabla ya ajali ya kulinganishia hana. Mahindi yaacheni ghalani kwanza.

Mama Tukuyu: Jamani kwani bado anaendesha?? Mtoeni barabarani leo, akipiga kichwa tena kabla hajapona ni hatari kubwa mwanangu.

Mtu wa Picha: Mama kasema kweli. Na akianza kutapika tapika, usingizi usioeleweka, mkono kulegea, degedege au kichwa kuzidi kuuma, rudini hospitali hata iwe saa nane usiku apigwe CT nyingine, maana kuna damu inavuja taratibu inakuja kuonekana wiki kadhaa baadaye.

Mwana wa Uyole: Asanteni sana, funguo nachukua jioni hii. Ila bosi nimwonyeshe nini sasa, yeye anaamini picha tu?

Mtu wa Picha: Mrudishe dogo kwa daktari ampime kumbukumbu, macho na anavyosimama, aandike kwenye cheti kuwa ni mtikisiko wa ubongo na apumzishwe kuendesha. Ugonjwa huu unatambulika kwa dalili na vipimo hivyo, cheti hicho ndo umpelekee bosi.