Mwili, usingizi, hela, watu na roho: mnavibebaje vyote kwa pamoja?

Mama_Masjala:

Mbukwenyi wakuu. Naombeni mawazo, na tafadhali msiniambie "panga ratiba". Ratiba ninayo, imebandikwa kwenye mlango wa friji, na watoto wameshaichora maua.

Mimi ni mtunza kumbukumbu, mtu wa masjala, kwenye wizara mojawapo hapa Mtumba. Naishi Nkuhungu. Anayeijua Dodoma ameshaelewa shida yangu: ni kulikata jiji kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, daladala ya kwanza mpaka mjini, ya pili mpaka Mtumba. Na sasa hivi ni Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni swali la mheshimiwa likiingia jioni, faili la miaka mitano nyuma linatakiwa jioni hiyo hiyo, na anayejua liko kabati gani ni mimi. Saa mbili usiku bado niko ofisini. Nikifika nyumbani watoto wamelala, baba yao kanifunikia chakula kwa kawa. Nala, naoga, napiga pasi nguo za shule, nalala kwenye saa sita. Saa kumi na nusu niko macho.

Juzi kati kichwa kilinisumbua, nikaenda zahanati. Presha 148 kwa 94. Nikaambiwa nirudi nipimwe tena, na kwa sasa nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nilale vya kutosha, nipunguze mawazo. Hilo la mwisho liliniacha hoi. Angeniambia nayapunguzia wapi!

Basi nikaanza kufuata. Mtaani kwetu kuna kikundi cha jogingi, wanakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo hiyo ndiyo ya jumuiya. Nikienda kukimbia, mwenyekiti wa jumuiya anapita nyumbani kuuliza kama nimehama kanisa. Nikienda jumuiya, naketi saa nzima, halafu chai na maandazi ya moto, na kuyakataa maandazi ya mwenye nyumba mnajua ilivyo. Nikisema nilale mapema, sijawaona wanangu wiki nzima. Jumapili baada ya ibada naenda Mvumi kwa mama, ana sukari na anaishi na mjukuu mmoja tu. Hapo sijagusa hela: kikoba kila wiki, ada ya chuo (nilijiandikisha shahada ya jioni, msinicheke), na michango. Kwenye simu yangu kuna makundi ya WhatsApp ya harusi za watu ambao bibi harusi sijawahi hata kumwona.

Ninachouliza ni hiki. Nikiinua kimoja, kingine kinashuka. Mwili ukipata, roho inalalamika. Roho ikipata, mfuko unalia. Mnaoweza vyote mnaanzia wapi, au na nyie mnajikaza tu kisabuni?

---

Boda_hadi_Bajaji:

Dada pole. Mimi naegesha Sabasaba, nawabeba sana nyie watu wa Mtumba mnaokosa gari, na nyuso zenu naziona kwenye kioo.

Anzia kwenye hela. Watu wanasema afya kwanza, lakini ukidaiwa hulali, usipolala mwili unakataa, ukiwa umechoka unamfokea mwenzio nyumbani. Mimi nilichukua mkopo wa kausha damu kumalizia chombo. Ile simu ya saa moja asubuhi ya yule jamaa anayekusanya ilikuwa inanipandisha mapigo kuliko mlima wa Ntyuka. Chipsi sikuacha, mbio sikukimbia, nilichofanya ni kulimaliza lile deni kabla ya kitu kingine chochote, na usingizi ukarudi wenyewe.

Michango kata yote. Toka kwenye makundi usiku wa manane, hakuna atakayeona. Harusi ya mtu usiyemjua inakuhusu nini?

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Dada yangu, nianze na hiyo 148 kwa 94, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea pande zote mbili: wengine wanaogopa mpaka wanaanza kumeza dawa za jirani, wengine wanapuuza.

Kipimo kimoja hakikupi jina la mgonjwa wa presha. Tunachotafuta ni kama inabaki 140 kwa 90 au zaidi ukipimwa siku tofauti. Na namna ya kupima ina maana yake. Ulifika zahanati umeshuka daladala, umesimama foleni, kichwa kinauma, labda na mkojo umekubana. Safari ijayo kaa kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, usiongee na simu. Kahawa uiache nusu saa kabla. Ukiona namba zinafanana na zile za kwanza, hapo mtaongea na daktari vizuri, na akikupa dawa usiziache siku utakayojisikia nafuu. Presha haina kawaida ya kuuma, hivyo kujisikia nafuu siyo kipimo. Ila ukipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuona giza au upande mmoja wa mwili kulegea, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali muda huo huo.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo tumeshahesabu iliyopikwa na iliyojificha. Kwetu hapa kati kuna mlango mwingine ambao watu hawauhesabu, nao ni magadi. Mlenda unaotiwa magadi, maharage yanayoharakishwa kwa magadi. Yana sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Nimekutana na akina mama wanaoapa kwamba chumvi wameacha kabisa, ukiuliza chungu cha mlenda unakuta magadi ya kutosha kijiji.

Mazoezi: kinachotakiwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kiasi cha kuhema kidogo. Hakuna palipoandikwa ziwe za jogingi, wala ziwe Jumamosi. Shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, tembea haraka. Jumuiya nenda, tena nenda kwa miguu.

Ninalokukatalia ni saa sita mpaka saa kumi na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi, na kukosa usingizi mfululizo nako kunasukuma presha juu. Ungekuwa mgonjwa wangu, ningeanzia hapo, na zile pasi za usiku ningezipeleka kwa baba watoto.

---

Chifu_Asiyecheka:

Mtu ana shahada ya jioni, kikoba, kwaya sijui jumuiya, halafu anauliza kwa nini amechoka. Acha chuo. Nimemaliza.

---

Mzee_wa_CDA:

Chifu, adabu kidogo. Mwanangu wa masjala, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa.

Nilikuja Dodoma kijana na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, mji huu ukiwa vumbi na mibuyu, na wengi tuliambiwa makao makuu yanahamia "karibuni". Mnajua wenyewe hiyo karibuni ilichukua miaka mingapi, maana uamuzi ni wa 1973 na serikali imekuja kuhama kwa kishindo kuanzia 2016. Nimestaafu, CDA yenyewe ilivunjwa 2017, na mimi bado ninatembea kila jioni mpaka Nyerere Square na kurudi.

Napingana na kijana wa bajaji kwenye michango. Alipofariki mke wangu, kabla sijajua cha kufanya turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria yameletwa, na mtu ameshaenda kuulizia kaburi. Wale walikuwa watu wa michango hiyo hiyo. Nimeona wenzangu waliostaafu na kiinua mgongo kizuri, mwili mzima, hawana hata mtu wa kucheza naye bao. Hawakudumu. Punguza kiasi, hilo nakubali. Kwa usiowajua toa kidogo, kwa wako toa cha maana. Lakini kutoka kwenye kundi usiku wa manane kama mwizi, hapana.

Kuhusu roho na mwili kugombana Jumamosi, hilo ni suala la ratiba ya jumuiya. Ongea na mwenyekiti. Huenda na yeye magoti yanamsumbua, na nyumba za kusalia zipo jirani na uwanja.

---

Jirani_wa_Mirembe:

Naomba nirudi kwenye "punguza mawazo", kwa sababu naona wote tumeliruka.

Sisi tuliokulia Dodoma tukisikia afya ya akili tunasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na tukisikia Mirembe tunacheka au tunatishia watoto. Matokeo yake mtu anaweza kusema presha, sukari, vidonda vya tumbo, ila hawezi kusema "nimezidiwa kichwani". Nilipozidiwa mimi nilikwenda kwa wataalamu watatu wa kichwa, tumbo na mgongo, mpaka wa mwisho akaniuliza kama nalala, kama chakula kina ladha, na mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini. Nililia pale pale kwenye kiti.

Dada, sikupi ugonjwa. Uchovu wa Bunge ni uchovu wa Bunge, na Juni itaisha. Lakini kama Julai ikifika, faili zimetulia, na bado hulali, hufurahii hata watoto, na hali imekaa zaidi ya wiki mbili, nenda ukaongee na mtu aliyesomea hayo. Kliniki za afya ya akili zipo pia kwenye hospitali za rufaa za mikoa, huhitaji kupita geti unaloliogopa. Na geti lenyewe, mimi nimelipita. Ndani kuna watu, madaftari na foleni, kama kliniki nyingine.

---

Mama_Masjala:

Shikamoo mzee, sasa naitoa rasmi. Asanteni wote, na wewe Chifu.

Nimesoma majibu yenu ndani ya daladala, nikajikuta nayafanya kazi kama masjala. Kwetu faili haliwi na hali mbili tu, mezani au limefungwa. Kuna la tatu, BU: unaliandikia tarehe ya kurudi mezani, unalirudisha kabatini, na mpaka siku hiyo huna haki ya kulihangaikia. Naona shida yangu ni kwamba nimeyaweka yote matano mezani na meza ni ndogo.

Kwa hiyo mezani nimebakiza presha na usingizi. Nesi, pasi zimehamia kwa baba watoto kuanzia jana. Amechoma kola moja, tumesamehe. Nimemwomba bosi tupeane zamu za jioni na mwenzangu, kwa sababu nikiumwa mimi hakuna mwingine anayejua kabati la nne, na hoja hiyo ndiyo iliyomshtua kuliko presha yangu. Chuo siachi, Chifu, ila nimeuliza utaratibu wa kuahirisha muhula. Hilo ni BU ya Oktoba. Jogingi BU ya Julai, baridi na ule upepo vitakuwepo lakini Bunge halitakuwepo. Michango nimekwenda na mzee: wangu nawatolea, wengine natoa ya soda, na kimya kimya nimezima mlio wa makundi yote. Kwa kausha damu sijawahi kufika, namshukuru Mungu, lakini kuna mtu ofisini nitamwonyesha maneno yako kijana.

Jirani, yako nimeisoma mara mbili. Tarehe ya Julai nimeiandika.

Ambalo sijui niliweke wapi ni mama. Yule hawezi kuwa BU. Kaka zangu wako Dar na Mwanza, wanatuma hela, na hela haimpeleki mtu kliniki. Na Nesi, umeniharibia: mama mlenda bila magadi hali. Anasema ni majani ya mbuzi. Ana sukari, na presha yake nayo hupanda mara kwa mara. Nifanyeje bila kugombana?

---

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Usimwondolee kwa siku moja, atakufukuza Mvumi na haki atakuwa nayo. Punguza kidogo kidogo, nusu ya alichozoea, na uongeze karanga za kusaga na nyanya ili ulimi usione pengo. Chumvi ya mezani iondoke kabisa, isionekane. Mlenda wenyewe usimzuie, ni chakula kizuri kwa mwenye sukari. Cha kuangalia zaidi ni ukubwa wa bonge la ugali linalokuja nao.

Na kaka zako wasitume hela tupu. Mmoja ashike tarehe za kliniki za mama, ampigie yule mjukuu siku moja kabla, alipe bodaboda ya kwenda na kurudi. Kazi hiyo inafanyika hata ukiwa Mwanza.

---

Boda_hadi_Bajaji:

Nina ndugu anaendesha boda Mvumi, mtu wa heshima, wazee anawabeba polepole. Nikutumie namba pembeni?

---

Mama_Masjala:

Nitumie. Na mwambie kabisa kwamba bibi anapenda kuketi upande, hakanyagi miguu huku na huku.