Parseli ya mteremko juu ya ziwa: nifanye nini udongo usiishie Kivu?

MamaNguba

Jambo zenu. Nina parseli (kiwanja) ya mita 20 kwa 25 hapa Bukavu, upande wa Nguba, inaangalia ziwa. Ukitembea mita 10 unashuka karibu mita 3. Nataka kukata matuta mawili, kupanda gazoni (majani ya kufunika uwanja) na maua, na kuweka ngazi ya mawe. Paa ni la manjanja (mabati), kama mita 120 za mraba, halina mifereji. Mvua ikinyesha, maji mekundu yanapita getini na kuingia kanivo, ule mtaro wa barabara, na kanivo inamwaga ziwani. Fundi mmoja ananiambia nichimbe pwizari kubwa, shimo la kunywesha maji ardhini, upande wa chini wa parseli, maji yote yaishie humo. Mwingine anataka tupige dawa ya majani parseli nzima kwanza, pawe safi, ndipo tuchimbe. Tuko mwezi wa sita. Nianzie wapi?

UdongoMwekundu

Mama, dawa iache. Majani hayo unayoyaona kama uchafu ndiyo yanayoshika udongo wako kwa sasa. Yafyeke tu kwenye kipande mtakachochimba wiki hiyo, pengine pabaki kama palivyo.

Anzia juu, kwenye paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30, ya kawaida kabisa hapa kwetu, inashusha lita 3,600 kwenye manjanja yako, na sasa zinaanguka kwenye mstari mmoja chini ya ukingo wa paa. Hapo ndipo mfereji unapojichimba wenyewe. Funga mifereji ya paa, ishushe kwa bomba la milimita 110, uweke tanki. Lakini usijidanganye na tanki: la lita 1,000 linajazwa na mvua ya milimita 8 au 9. Kinachobaki lazima kiwe na bomba lake mpaka kwenye kanivo. Kisipite juu ya udongo.

Kazi ya kuchimba ifanyike sasa, mwezi wa sita na wa saba, ili mvua za Septemba zikute udongo umefunikwa. Mistari ya matuta usiipime kwa macho, macho yanadanganya kwenye mlima. Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2, mti wa kukatiza katikati, na jiwe kwenye kamba inayoning'inia kutoka kichwani. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba inapokaa miguu yote ikiwa sawa. Tembea nayo parseli nzima ukipigilia vigingi. Kwenye mteremko wako, mstari mmoja kila mita 3 hivi unatosha.

Kwenye kila mstari panda vetiveri, nyasi yenye mizizi mirefu, mvua za kwanza zikianza: vipande vya machipukizi mawili au matatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi 10, na kati ya shina na shina sentimita 10 hadi 15. Watu wanapanda kila sentimita 40 ili kuokoa pesa, halafu maji yanapita katikati na kuchimba zaidi kuliko kama usingepanda kitu. Ukikosa vetiveri, nyasi ya setaria inafaa, mistari miwili iliyopishana.

Udongo uliochimbwa usiurundike karibu na geti. Ufunike kwa bashi (turubai), mawe juu ya kingo, na chini yake panga mstari wa mifuko iliyojazwa udongo.

Jambo la mwisho, watu wanaamini sana shimo la kunasa matope. Chukua chupa ya plastiki, tia udongo wako mwekundu ujaze robo, ongeza maji, tikisa, iache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Maji ya juu utayakuta bado mekundu asubuhi, kwa sababu chembe za udongo wa mfinyanzi zinahitaji saa 8 au zaidi kushuka sentimita 10. Maji ya mvua hayakai shimoni saa 8. Kwa hiyo shimo chimba, mita 1 kwa 1, kina sentimita 80, bomba la kutokea liwe na kiwiko kinachoangalia chini ili plastiki zibaki ndani, na shimo lisafishwe matope yakifika nusu. Ila litakunasia mchanga tu. Wekundu unazuiliwa kule juu, kwa kufunika ardhi.

FundiMawe

Naunga mkono, ila nataka kukazia pwizari. Mama, usichimbe. Mahali tambarare penye mchanga ningesema sawa. Kwenye mlima wa mfinyanzi, ukikusanya lita 3,000 na kuziingiza kwenye shimo moja, unalainisha ardhi kwa ndani, na ardhi ikilainika inateleza pamoja na ukuta wako na nyumba ya jirani wa chini. Mtaa wa Funu hapa Bukavu sote tunaujua: mteremko mzima unasogea polepole, na maji yanayomwagwa ardhini kutoka kwenye nyumba yamo kati ya vinavyouharakisha. Maji ya paa yashushwe ndani ya bomba.

Ukuta wa tuta usizidi mita 1 bila mtu wa kukupigia hesabu. Msingi sentimita 40, ukuta uegemee mlima kidogo, nyuma yake sentimita 30 za garavie (kokoto), na vitundu vya kutolea maji vya bomba la milimita 50 kila mita 1.5. Kuta nyingi zinazoanguka Machi na Aprili hazikukosa sima (saruji), zilikosa vitundu.

Na mkichanganya sima ya ngazi, maji ya kuoshea beleshi na ndoo yasimwagwe kwenye kanivo. Ni makali kama soda ya kuchubua, yanaua samaki. Chimba kishimo, tandika bashi, osheni humo, maji yakauke, kigaga kilichobaki mkitupe kama kifusi.

Bustani_Kadutu

Nami kwa upande wa mbolea. NPK 17-17-17 (nitrojeni, fosfori na potasiamu) kwa gazoni: gramu 30 kwa mita ya mraba ndiyo mwisho kwa mara moja, na kwenye mteremko gawa, 15 leo na 15 baada ya wiki sita. Mita 100 za mraba ni kilo 1.5 kwa mara moja. Si mfuko! Fosfori inashikamana na udongo na kwenda nao ziwani, huko inalisha miani, maji yanageuka kijani. Kwa hiyo usitie mbolea kabla gazoni haijashika, wala mawingu yakiwa yamefunga. Chembe zilizodondoka kwenye ngazi zifagie uzirudishe kwenye majani. Usizimwagie maji.

Majani ya gazoni yakikatwa yaache hapohapo yakiwa mafupi, au yatie kwenye shimo la mboji. Kwenye kanivo yanaoza na kuziba, ukichanganya na chupa zilizomo tayari...

MamaNguba

Asanteni sana. Pwizari nimeifuta. Ila kuna maji ya jirani wa juu, yanaingia kwangu kwenye kona ya ukuta. Hayo je?

UdongoMwekundu

Hayo uyakate kabla hayajafika kwenye matuta. Chimba mfereji juu kabisa ya parseli, kina sentimita 40, ukishuka sentimita 1 kila mita 1 kuelekea pembeni, uujengee kwa mawe. Usiupitishe juu ya fosi (shimo la choo). Pale unapoteremka pembeni, weka vizuizi vya mawe vya sentimita 25, mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa na kichwa cha kile cha chini. Mteremko wa mfereji ukiwa asilimia 10, hiyo ni kila mita 2.5. Kwako ni 30, kwa hiyo karibu kila sentimita 80, sawasawa na ngazi. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni kwa vidole vinne. Ukikiweka tambarare, maji yanazunguka kando na kukila kizuizi kwa ubavu.

Na mpigie hodi jirani kabla ya kuchimba. Akifunga mifereji ya paa lake, nusu ya kazi hii haitahitajika.