Datsun 240Z yenye 1JZ: R200, difu ya Subaru au ekseli nzima ya Hiace?

Zedi wa Shangani
Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Nina Datsun 240Z iliyolala bandani miaka mingi. Bodi imeshanyooshwa na kupigwa rangi, na mbele nimeweka injini ya Toyota yenye turbo, 1JZ-GTE ya VVT-i, pamoja na giaboksi yake ya R154. Injini haina neno. Kasheshe iko nyuma: difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) bado ni ile ile ya kiwandani, R180, na kila nikiachia klachi inapiga "ko!" chini ya mgongo wangu. Naiendesha kwa adabu maana ikikatika katikati ya Mtwara na Lindi sina pa kushika.

Fundi wangu ananiambia nisihangaike, nichukue ekseli nzima ya Hiace, yaani difu na shafti zake ndani ya bomba moja, tukate, tuchomelee, yaishe. Mjomba yuko Dar, amepata mtu mwenye R200. Kuna jamaa mwingine anauza difu ya Subaru kwa bei ya kutupa. Gari si ya mashindano. Ni ya kwenda Lindi na kurudi, mara moja moja Masasi. Mngekuwa mimi mngeshika ipi?

Fundi Difu, Masasi
Mkuu, tuanze na hesabu. Injini ya L24 iliyozaliwa na gari hiyo ilikuwa na farasi kama 150. 1JZ-GTE ya VVT-i ilitoka kiwandani na farasi 280 na nguvu ya mzunguko ya Nm 378. Gia ya kwanza ya R154 ni 3.25, kwa hiyo ukikanyaga, pinioni (gia ndogo ya kuingilia kwenye difu) inapokea zaidi ya Nm 1,200. Hiyo 180 kwenye jina ni kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, kwa milimita, na 200 vivyo hivyo. Hizo milimita 20 ukizitamka hazitishi, lakini zinakupa jino nene zaidi na beringi kubwa zaidi. Nissan wenyewe walipopandisha ukubwa wa injini kwenye Zedi (Datsun Z) za baadaye ndipo R200 ikaingia.

Ila huo mlio wako sidhani kama ni meno. Ingia chini uangalie mauntingi ya mbele ya difu. Ukivuta, pua ya difu inataka kunyanyuka, na raba ya tangu enzi hizo huwa imeshachanika, imebaki inashikiliwa na ule mkanda unaopita juu yake. Weka jeki chini ya pua, pandisha taratibu huku unaangalia. Ukiona raba inaachana na chuma, umeshampata mwizi. Ukifunga R200 juu ya raba hiyo hiyo, mlio utarudi na sauti nene zaidi.

Mama Spea, Lindi
Kaka, kabla mjomba hajatuma hela muulize: R200 ipi? Zipo za pua ndefu, za 280Z na 280ZX, hizo zinaingia kwenye Zedi bila ugomvi mkubwa, mradi upate na kile chuma cha nyuma kinachoshika kifuniko, maana cha R180 matundu yake hayalingani. Halafu zipo za pua fupi, za Nissan Skyline R32 mpaka R34 na Silvia. Hizo ndizo zinazopatikana kirahisi Gerezani, Dar, ni imara kweli, lakini sehemu ya mbele ya kufungia haifanani na yako kabisa. Itabidi uchongeshe bracketi. Muuzaji atakwambia "R200 ni R200 tu." Si kweli.

Na hiyo ya Subaru ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Impreza za kawaida na Forester za kawaida zina R160, ndogo kuliko hata uliyo nayo! Yenye R180 ni STI, nayo huja na LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka bure), jambo zuri. Lakini bei ya kutupa? Hiyo ni ya Forester, nakuapia.

JZ wa Mingoyo
Mnamzungusha mwenzenu bure. Ekseli ya Hiace inabeba abiria na magunia ya korosho kila siku, haivunjiki. Beringi, sili, breki, vyote viko dukani hata Nachingwea. R200 ikifa unasubiri mzigo mpaka unasahau gari ina rangi gani. Au kama hutaki kukata, chomelea hiyo R180 spaida zake (gia ndogo za ndani zinazoruhusu tairi zizunguke tofauti), tairi zote mbili zivute, basi.

Babu Safari
Kijana wa Mingoyo, habari ya spea umesema kweli, hapo sibishi. Mengine hapana. Nyuma ya 240Z hakuna springi za majani wala pa kuzifunga. Kila tairi ina shokapu yake na am yake ya chini. Ukileta ekseli nzima unatengeneza am nne, fimbo ya kuzuia ekseli isihame pembeni, na pa kukalia springi, kwenye bodi ambayo chuma chake ni chembamba na chumvi ya Shangani imeshakilamba. Unanunua difu, unalipia chesisi.

Uzito nao. Ekseli nzima hairuki peke yake upande mmoja. Tairi ya kushoto ikiingia kwenye shimo, ile ya kulia nayo inapata habari. Kwenye vumbi lenye mabati, gari nyepesi ya namna hiyo itakuwa inacheza nyuma muda wote. 240Z zilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta, na njia za siku hizo mnazijua, kila tairi ya nyuma ikijitegemea.

Kuchomelea spaida ni kwa wanaocheza drifti uwanjani. Kwenye lami kavu kila kona tairi zinapigana, na anayelipa ni shafti.

Zedi wa Shangani
Shikamoo babu. Nimeingia chini leo na jeki. Raba imeachana, mwanga unapita katikati! Fundi Difu, heshima yako.

Uwiano wa difu niliyo nayo nitaujuaje bila kufungua?

Fundi Difu, Masasi
Weka giaboksi fri, nyanyua tairi moja tu ya nyuma, nyingine ibaki chini na kabari mbele na nyuma. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, hesabu ya propela. Ikizunguka mara tatu na nusu hivi, una 3.5. Ikikaribia nne, una 3.9.

Kwa safari yako tafuta 3.5. Ukiwa na tairi za 195/70R14 na gia ya tano ya R154, kwenye kilomita 100 kwa saa injini itakuwa kama mizunguko 2,300 kwa dakika. Ekseli yenye 4.1 itakupeleka karibu 2,650, makelele na mafuta bila sababu. 1JZ ina nguvu, haihitaji kusaidiwa na difu fupi, yaani yenye namba kubwa.

Mchongaji
Wote mmesahau shafti. R200 haitavunjika, kitakachofuata ni kros (jointi za msalaba) za hafu shafti, zile fupi zinazotoka difu kwenda tairi. Za 240Z ni ndogo na umri umeenda. Wenye injini kubwa huhamia shafti za jointi za CV (zinazozunguka sawasawa hata zikipinda), kama za 280ZX Turbo au 300ZX, na adapta za kuchonga upande wa habu. Kuchonga si tatizo, tatizo ni chuma. Mtu akikuchongea kwa chuma cha mlango wa geti, usilipe.

Pia angalia mwaka wa gari. Zile za mwanzo difu imekaa mbele kidogo na shafti zinapinda. Kuanzia katikati ya 1971 Nissan waliisogeza nyuma milimita 35 ili zinyooke. Kama yako ni ya mwanzo, isogeze wakati huo huo unapofunga R200.

Zedi wa Shangani
Basi ni R200 ya pua ndefu na chuma chake cha nyuma. Ya Subaru nimemuuliza jamaa imetoka gari gani, amenyamaza. Raba ya mbele naanza nayo wiki hii hata kama difu haijafika. JZ, usinichukie.

JZ wa Mingoyo
Sikuchukii. Ila ikikwama hapa Mingoyo utanipigia simu mimi, si babu.

Mama Spea, Lindi
Kabla mjomba hajalipa, aombe kifuniko kifunguliwe mbele yake, apige picha meno ya krauni mzunguko mzima, kisha ashike pinioni na kuitikisa mbele na nyuma. Ikicheza, aiache hapo hapo. Na oili iliyomo aipake kidoleni juani: ikimeta, ni chuma hicho.