Waya gani unafaa kwa uzio, banda la kuku na kazi za nyumbani karibu na bahari?

MamaNasra aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina kiwanja cha nusu eka nje kidogo ya Pangani, umbali wa kama mita 400 kutoka ufukweni, ambacho ninataka kukizungushia uzio wa waya wa nyuzi tano, na ndani yake nina banda la kuku wa kienyeji linalohitaji wavu mpya. Kinachonitia wasiwasi ni uzio wa jirani yangu. Siku ulipofungwa ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya, lakini kabla ya masika ya pili ulikwisha kugeuka rangi ya kutu, na sasa ukiushika unamomonyoka mkononi.

Nilipoulizia madukani nilipewa bei tatu tofauti za kilo kwa waya ambao kwa macho yangu ni ule ule, na kila muuzaji aliniambia kwamba wake ni geji 12, ingawa nilipoushika mmoja ulikuwa mwembamba waziwazi kuliko mwenzake. Muuzaji mwingine alinishauri nichukue waya mweusi wa kufungia nondo kwa sababu ni wa bei nafuu na unakunjika kwa urahisi. Naomba nieleweshwe ni kitu gani hasa kinachozitofautisha nyaya hizi, ninawezaje kuupima waya kabla ya kulipa, na kama aina moja inaweza kutosha kazi zote, yaani uzio, banda, na hata waya wa kuanikia nguo.

FundiUzio alijibu:

Mama Nasra, salaam. Nianze na geji, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wateja wengi. Ni hesabu ya Waingereza ya unene wa waya, waliyoifanya kipimo rasmi kwao mwaka 1884, nayo huenda kinyumenyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 8 ni milimita 4.06, geji 10 ni milimita 3.25, geji 12 ni milimita 2.64, geji 14 ni milimita 2.03 na geji 16 ni milimita 1.63. Wamarekani nao wana hesabu yao wanayoitumia kwa nyaya za umeme, ambamo geji 12 ni milimita 2.05 tu, kwa hiyo wauzaji wawili wanaweza kutaja namba moja na wote wakawa wakweli. Sisemi kwamba wote ni wakweli. Nenda na vernia, kile kifaa cha kupimia unene, pima sehemu mbili tatu za rola, na udai unene uandikwe kwa milimita kwenye risiti.

Ukishajua unene, uliza ugumu. Waya mweusi wa kufungia nondo umepashwa moto hadi ukawa mwekundu, kisha ukaachwa upoe polepole, na ndiyo maana fundi huuzungusha kwa koleo mara mbili ukatulia. Umetengenezwa ili uzikwe ndani ya zege, ambako saruji inaukinga na kutu, na hauna hata chembe ya zinki, ile metali inayopakwa juu ya chuma kukikinga na kutu. Ukiufunga nje huko Pangani utashika kutu mvua za kwanza tu. Hata kama usingeshika kutu, ni laini mno kwa uzio, kwa sababu mbuzi akiegemea unarefuka na haurudi tena.

Kwa nyuzi zilizonyooshwa mimi hupendelea waya mgumu wenye zinki, ule ambao madukani huitwa hai-tensaili, wa milimita 2.5. Ni mwembamba, lakini mzigo unaoukata unakaribiana na ule unaokata waya laini wa milimita 4, na mara nyingi unauzidi. Una masharti yake, hata hivyo. Hautaki kukunjwa kwa kona kali, hivyo usiugonge kwa nyundo kwenye pembe ya nguzo. Uzungushe kwenye nguzo ya kona, kisha usokote mkia wake juu ya waya wenyewe mizunguko minne au mitano iliyokaribiana. Misumari ya U kwenye nguzo za katikati isiingizwe hadi ikaubana waya, bali iachwe kidogo ili uzi uweze kuteleza unapokazwa, na kila uzi uwe na kikazio chake. Nguzo za kona ziwe na mihimili ya kuziegemeza, maana waya huu hung'oa nguzo dhaifu. Ukikatika wakati wa kukazwa hurudi kwa nguvu kubwa, kwa hiyo fundi asiyevaa miwani mwambie aende kuitafuta kwanza.

MhunziMstaafu alijibu:

Ndugu FundiUzio amesema vizuri kuhusu unene na ugumu, lakini kwa mtu anayeishi mita 400 kutoka baharini mimi ningegeuza mpangilio: zinki kwanza, mengine baadaye.

Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuvuta waya. Huko chuma huingia kikiwa fimbo ya mviringo yenye unene wa milimita 5.5 hivi, kikavutwa kupitia kalibu moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na tundu dogo kuliko la nyuma yake, hadi unene unaotakiwa upatikane. Baada ya hapo ndipo waya hupakwa zinki, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuchovya katika zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi kama 450 za Selsiasi. Ya pili ni kuupaka kwa umeme ndani ya maji ya kemikali, njia inayotoa waya laini, mng'avu na wa kupendeza, lakini wenye tabaka jembamba sana. Zinki hupimwa kwa gramu katika kila mita ya mraba ya uso wa waya, na kila gramu 7 ni sawa na maikroni moja ya unene, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Waya wa milimita 2.5 wenye zinki nzito hubeba kama gramu 240, yaani maikroni 34 hivi. Ule mwepesi unaweza kuwa na gramu 60 au chini ya hapo, ambazo hazifiki hata maikroni 9.

Sasa weka hesabu hiyo karibu na bahari. Katika hewa yenye chumvi nyingi zinki hupungua kati ya maikroni 2 na 8 kwa mwaka, wakati katika sehemu kavu za bara haifiki hata maikroni moja. Waya ule ule unaoweza kukaa zaidi ya miaka kumi kule Dodoma unaweza kumaliza zinki yake Pangani kwa mwaka mmoja na kitu. Nadhani hicho ndicho kilichompata jirani yako, na mng'ao wa siku ya kwanza haukuwa na maana yoyote. Waya uliochovywa vizuri mara nyingi huwa na rangi ya kijivu iliyofifia kidogo, ndiyo maana wateja huukataa wakidhani ni wa zamani.

Kuhusu kupima, kuna njia ya kale ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa mrututu, ule wa buluu wanaotumia wakulima dhidi ya ukungu. Yeyusha gramu 36 za mrututu katika mililita 100 za maji, ukitumia chupa ya kioo au ya plastiki, kamwe si chombo cha chuma wala cha jikoni, kwa sababu mrututu ni sumu. Omba dukani kipande cha waya cha shubiri moja, kisafishe mafuta kwa sabuni na ukikaushe. Kitumbukize kwa dakika moja, kitoe, kioshe na kukifuta ule weusi unaojitokeza, kisha ukitumbukize tena. Zinki ikiwa bado ipo, waya hubaki kijivu baada ya kufutwa. Zinki ikiisha, shaba hujishika kwenye chuma kilichobaki wazi, nawe utaona wekundu unaong'aa ambao hautoki hata ukisuguliwa kwa kitambaa. Usitazame ncha zilizokatwa, kwani hizo zitakuwa nyekundu tangu mwanzo. Waya unaogeuka mwekundu katika dakika ya kwanza au ya pili usiupeleke pwani. Unaovumilia mara nne au zaidi ni waya wa maana. Jaribio hili halikupi gramu kamili, lakini kwa kulinganisha rola tatu zilizopo mbele yako linatosha.

Tazama pia kama zinki imeshikamana. Zungusha kipande kingine kwenye msumari mnene kwa mizunguko sita hivi. Kikitoa magamba au unga, kiache.

Nina tahadhari moja kwa ndugu yangu hapo juu. Zinki ikishaisha, waya wa milimita 2.5 una chuma kidogo cha kuliwa kuliko wa milimita 4, na hupoteza nguvu zake upesi zaidi. Kwa hiyo kama huko Tanga hupati hai-tensaili yenye zinki nzito, ni afadhali waya laini wa milimita 4 wenye zinki nzito kuliko waya mgumu wenye zinki ya kubabaisha.

FundiUzio alijibu:

Mzee wangu, hapo nakubali bila ubishi. Niliandika nikidhani zinki ni nzito.

MfugajiKilifi alijibu:

Mama Nasra, mimi nafuga kuku Kilifi na hewa yetu ni moja. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaoitwa waya wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini haumzuii nguchiro asiingie. Kwa sehemu ya chini ya banda, kiasi cha mita moja kwenda juu, tumia wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi, na uuzike kama sentimita 30 ardhini. Huo wa pembe sita utumie juu, ambako kazi yake ni kumzuia mwewe.

Unaponunua, uliza kama wavu ulichovywa zinki baada ya kufumwa au kuchomelewa, au kama ulifumwa kwa waya uliokwisha kupakwa. Uliochovywa baadaye utautambua kwenye viungo, kwa sababu zinki huwa imejaa pale nyaya zinapokutana. Ule mwingine huwa na viungo vilivyoungua vyeusi au vya hudhurungi, na ndipo kutu inapoanzia. Kinyesi cha kuku nacho kinakula zinki, hivyo usiache kirundikane kwenye wavu, hasa pembeni mwa viota.

Kwa kuanikia nguo, nunua kamba ya nailoni. Waya uliovishwa plastiki hupasuka kwa jua, maji ya chumvi hujificha ndani, na siku moja utaona mstari wa kutu katikati ya kanzu nyeupe.

MamaNasra aliandika:

Nawashukuru sana. Nimepata mrututu kwenye duka la pembejeo na wiki ijayo nitakwenda Tanga na chupa yangu. Naomba kuuliza matatu ya mwisho. Fundi wangu ana vipande vingi vya waya wa umeme wa shaba na anasema atavitumia kufungia nyuzi kwenye nguzo za zege kwa kuwa shaba haishiki kutu. Je, ni sawa? Pili, nitajuaje nihitaji kilo ngapi, maana mzunguko wa kiwanja ni mita 180? Tatu, mabaki ya waya wa zinki yanaweza kutengenezea wavu wa kuchomea samaki?

MhunziMstaafu alijibu:

Shaba usiiruhusu kabisa. Ni kweli shaba yenyewe itadumu, lakini inapogusana na zinki mahali penye unyevu wa chumvi, zinki ndiyo inayoliwa, tena kwa kasi, na kila fundo litakuwa mahali pa kukatikia. Hata maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye shaba na kuangukia waya wa zinki yanaudhuru. Fungia kwa waya laini wenye zinki, wa milimita 1.6 au 2, ambao nao uupime kwa mrututu kama mwenzake. Hivyo vipande vya shaba auze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, atapata fedha nzuri.

Samaki pia hapana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yaliyokolea hupita hapo kwa mbali. Moshi wake mweupe huleta homa, kama wanavyojua mafundi wanaochomelea mabomba yenye zinki bila kuyakwangua. Ndimu na ukwaju navyo huyeyusha zinki hata kabla ya moto. Kwa jiko tafuta waya wa stenlesi, na kwa vitu vya kukaa nje karibu na bahari chukua daraja 316, lenye molibdenamu, ambalo huvumilia chumvi kuliko daraja 304 la kawaida.

FundiUzio alijibu:

Hesabu ya kilo ni rahisi. Chukua unene wa waya kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa 162. Utapata kilo za mita moja. Waya wa milimita 2.5 ni 6.25 gawanya kwa 162, yaani kilo 0.0386, kwa hiyo kilo moja ina karibu mita 26. Waya wa milimita 4 una mita 10 tu kwa kilo.

Nyuzi zako tano kwa mita 180 ni mita 900. Kwa milimita 2.5 utahitaji kilo 35, na kwa milimita 4 utahitaji kilo 89. Ongeza asilimia 10 kwa mafundo na mikia. Ndiyo sababu bei ya kilo peke yake inadanganya: hai-tensaili yenye zinki nzito inaweza kuwa ghali mara mbili kwa kilo na bado uzio mzima ukagharimu pungufu. Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kumkagua muuzaji, kwa maana rola ya kilo 50 ya milimita 2.5 inapaswa kuwa na mita 1,300 hivi. Ukipima mita kumi kwenye mizani zisifikie gramu 386 au karibu na hapo, ama waya ni mwembamba kuliko ulivyotajwa, ama mizani yake ina matatizo.

Ukirudi kutoka Tanga tuandikie rola ipi ilivumilia dakika ngapi, na ukumbuke kununua vikazio vitano.